Zamu Yangu ya Masufuria

Kuna kuchoka kwa kazi, na kuna kuchoka kwa kukaa bure. Mkolani nilichoka kwa kukaa bure, na naapa huko kwa pili ni kubaya zaidi.

Nilitoka kwetu Kitale, Kenya, kuja Mwanza kujitolea mwaka mmoja kufundisha kusoma katika shule ya msingi. Miezi miwili ya kwanza nilikaa Kisesa, kwa familia ya Wasukuma wakulima. Hao hawakunichelewesha. Siku ya pili tu, kabla hata sijajua choo kiko upande gani, nikapewa jembe tukaenda kwenye matuta ya viazi. Mikono ilitoka malengelenge, nikalalamika, wakanicheka, jioni tukala michembe, vile viazi vyao vya kukausha, kwenye sinia moja. Nilikuwa mtu wa nyumba ile. Kisha shule ikanihamishia Mkolani, na kanisa likanitafutia nyumba nyingine.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mhaya wa Bukoba, mjane, muuguzi mstaafu, anaishi peke yake. Siku niliyofika alinipa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama kwao wanavyomkaribisha mgeni. Nikatafuna moja, chungu hiyo, nikatabasamu kwa adabu. Nikajisemea, haya, mgeni siku mbili, ya tatu nitapewa jembe.

Ya tatu ikapita. Ya thelathini ikapita. Kila jioni kikapu kile cha kahawa kikaletwa mbele yangu kama vile nimeshuka kwenye basi dakika hiyo hiyo. Nikishika ufagio, ananyang'anya. Nikisogea jikoni, anasimama mlangoni: "Unatafuta nini, mwanangu? Sema nikuletee." Mwanangu! Mwana gani asiyejua chumvi inakaa wapi?

Siku moja niliamka mapema kabla yake nikaosha vyombo vyote vya usiku, nikavipanga, nikajiona mjanja. Yeye akatoka, akashukuru vizuri sana, akavitia tena kwenye beseni akaviosha upya kimoja kimoja, mimi nimesimama pale pale. Jamani! Nilikwenda shule nimenuna, watoto wakaniuliza kama naumwa.

Jirani yetu mmoja, mwanamke wa Kisukuma muuza mandazi pale kona, ndiye aliyenipaka pilipili. Kila nikipita: "Shikamoo kioo! Pita taratibu usije ukavunjika." Wanawake wote wa foleni ya mandazi wanacheka. Nami nacheka, lakini moyoni nawaka.

Mambo ya vyombo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni misiba.

Mtaa ule una utaratibu, na muuza mandazi ndiye aliyenieleza. Mtu akifiwa, kila mwanamke mtu mzima wa kila nyumba anapewa zamu: kuchota maji, kumenya ndizi, au kuosha yale masufuria makubwa meusi ya kupikia watu mia. Nyumba yenye wanawake wawili inatoa wawili. Hakuna faini wala ugomvi. Ila usipoonekana kwenye msiba wa mwenzio, siku yako ikifika utakaa peke yako na turubai lako.

Nilikuwa mbali na kwetu, sina ndugu wala shangazi upande huu wa mpaka. Nikaona wazi kwamba kama sitashika zamu hata moja, basi pale mtaani mimi si mtu, ni mzigo uliowekwa kwa mama fulani.

Msiba wa kwanza ukaja, wa mzee aliyekaa nyuma ya majabali ya mtaa. Nikajifunga kitenge nikatoka. Mama akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe unakwenda wapi?"

"Msibani, mama."

"Una daftari za watoto kusahihisha. Kaa. Chakula nimekuachia kwenye hotipoti."

Akaondoka. Majirani walirudi saa kumi jioni, nikawaona dirishani wakipita na ndoo zao tupu. Yeye alirudi jua limezama, anatembea kama amefungwa mawe magotini. Nikasema moyoni, huyu naye kwa kupenda kuonekana! Wenzake wamemaliza, yeye bado yuko huko anapiga soga.

Msiba wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikashindwa kujizuia. Alikuwa amekaa kwenye kochi anajipaka mafuta ya kuchua, mimi nikaanza: "Mama, mimi si mgonjwa. Nina mikono miwili. Mtaa mzima unaniita kioo. Unanifungia ndani kama kuku wa sikukuu, halafu unakwenda kushinda kwa watu mpaka giza. Unanionea aibu?"

Alifunika mafuta yake. "Kahawa umekula leo?" akauliza.

Nikapiga mlango wa chumba changu. Mtu mzima na akili zangu, nikapiga mlango. Sikumwomba radhi kwa siku nne.

Halafu kaka yangu akapiga simu kutoka Kitale. Ilikuwa Jumatatu mchana, nimetoka shule. Bibi yetu, mama yake mama, aliyenilea toka nikiwa na miaka mitatu, alikuwa amefariki. Nikamwuliza mazishi lini, nikiwa tayari nahesabu basi la kupitia mpaka wa Sirari. Kaka akakohoa.

"Tulimzika Jumamosi. Tulionelea tusikusumbue, uko mbali."

Wasinisumbue! Nilimtukana kaka yangu, Mungu anisamehe, nikamwambia maneno ambayo bibi angenichapa kwayo. Alinilea mimi, nikamfulia mimi, nikamkata kucha mimi, halafu siku ya kumwaga udongo nahesabiwa mgeni asiyestahili kusumbuliwa. Hata kwetu! Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na simu mkononi, nalia kwa hasira kuliko huzuni.

Mama alitoka jikoni, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole za kitabuni. Alikaa pale kwenye ngazi, kwa magoti yale mabovu, akanishika kichwa. Kisha akainuka, akajifunga kitenge, akatoka nje ya geti.

Nikajua anakwenda kuwaambia majirani, na nikaona aibu mapema. Nani angekuja? Marehemu mwenyewe kazikwa nchi nyingine, na mfiwa ni Mkenya wa kioo ambaye hajamenya ndizi ya mtu. Nilifikiri angalau mchungaji atapita, anywe soda, aombe, aondoke.

Saa tisa geti likafunguliwa. Aliyetangulia ni muuza mandazi, mzigo wa kuni kichwani, hana utani hata chembe. Nyuma yake wanawake wa mtaa, wengine na ndoo, wengine na mikeka, wawili wamebeba sufuria kubwa la mtaa. Walikaa nami chini. Mmoja akaniuliza jina la bibi, nikalitaja, nao wakalirudia kwa pamoja katika sala mpaka likasikika kama jina la mtu wa Mkolani. Wakapika, wakakaa, wakaimba.

Mimi huku nalia, huku nakereka. Sikuweza kuwaelewa. Mwishowe nikamwinamia mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mnene wa sauti nzito aliyekaa karibu yangu.

"Shikamoo mama. Samahani, lakini mimi sijafanya zamu hata moja kwenu."

"Marahaba. Nani kasema?" Akanitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa kwa msiba. "Wewe umetimiza misiba mitatu. Hujakosa hata mmoja."

"Sijaosha hata kijiko, mama."

"Ya kwako aliosha mama yako. Anaosha yake, anamaliza, sisi tunaondoka, anaanza ya kwako. Tulimwambia, mlete binti. Akasema binti kutwa nzima anafundisha watoto wenu bila mshahara, jioni hamtampa sufuria, zamu yake anayo yeye. Sasa sisi tungembishia?"

Nikatafuta mama alipo. Alikuwa bombani, ameinama juu ya sufuria kubwa, anasugua masizi kwa mchanga na majivu. Saa hizo! Wenzake wameshakaa. Nikaelewa alikuwa anaosha ya nani.

Niliinuka nikamwendea. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kilichotoka ni ukali ule ule. "Kwa nini hukuniambia? Nimekununia siku nne! Nimekupigia mlango!"

"Nimesikia. Bawaba moja imelegea."

"Mama, lete hilo sufuria."

"Mfiwa haoshi." Hakuinua hata macho.

"Basi nifanye nini?"

"Lia kwanza. Misiba haiishi, mwanangu. Zamu ipo."

Nikachuchumaa pale kando yake, nikalia, yeye akisugua. Maji meusi yakapita katikati ya miguu yetu yakaingia kwenye migomba yake.

Jioni ile kikapu cha kahawa hakikuja. Wala kesho yake. Chumvi, niligundua, ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, nyuma ya mafuta.

Wiki ya tatu, msiba ukatokea nyumba ya pili kutoka kwetu. Kabla hakujapambazuka vizuri mlango wangu, wenye bawaba iliyolegea, ukagongwa. Mama alikuwa amesimama na kitenge kikuukuu mkononi, akanirushia usoni.

"Amka wewe. Magoti yangu leo yamegoma."

Pale msibani nikamwekea mkeka kivulini, nikamkalisha. Muuza mandazi akanikabidhi sufuria la kwanza, akaangalia mikono yangu, akasema, "Taratibu, kioo." Saa kumi wenzangu walimaliza, wakafungua vitenge, wakachukua ndoo zao. Mimi nikabaki bombani. Nilikuwa nimemaliza yangu; nikaanza ya mama.