Nilivyoufuata Wimbo wa Mkoleni Posta

Mwaka aliokufa baba nilikuwa na miaka tisa. Shule nikaiacha darasa la pili, nikakaa Kisarawe kwa bibi, Bi. Mwanahawa, nasuka ukili wa mikeka na kuutia rangi. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha thamani ya elimu ya bure. Naijua kwa kuikosa.

Juzi asubuhi, Kariakoo, msukuma mkokoteni mmoja, mwanamume mzima na ndevu zake, alipita kwenye meza yangu ya mikeka akiimba wimbo wa mkoleni, wa unyago. Wimbo huo anaimbiwa mwali ndani, mbele ya wanawake waliochezwa ngoma tu. Nikamshika shati. Akasema kautoa kwenye simu, kwenye somo la bure la kutia ukili rangi.

Nikaelewa. Ofisi moja kule Posta, mjini, iliniomba nifundishe rangi wanirekodi, nikakubali. Siku waliyokuja nyumbani kwangu, wanawake wenzangu walikuwa na mwali chumba cha pili, mashine ya ofisi ikabeba na sauti za huko.

Saa tatu nikamwachia jirani meza, nikashika njia kwa miguu. Mnazi Mmoja nilikunywa maji nimesimama.

Posta, ghorofa ya tano. Kijana aliyetengeneza somo akanipa shikamoo na kiti. Akaeleza kwamba somo ni la wazi, yeyote achukue, na wimbo aliuacha kwa kuwa unapendezesha.

"Una nini ndani yake, bibi? Niandike sababu ya kuufuta."

"Nikikueleza, nitakuwa nimefanya ulichofanya wewe."

"Sasa bila sababu nafutaje?"

"Sababu ni mimi. Na siondoki."

Nikavua viatu, nikakaa vizuri.

Mchana akaingia mkubwa wake, mama wa makamo, mtu wa Lindi. Akaweka visikilizio masikioni. Wimbo haukufika nusu, akavivua.

"Toa sauti yote hiyo. Usimuulize kitu."

Nikajua huyu amechezwa.

Kijana akasema waliokwisha kupakua hawezi kuwafuata. Nikamwambia basi aandike juu ya somo kwamba sauti ile haikutolewa kwa ridhaa, mwenye nayo aifute. Rangi zibaki, hizo nilitoa kwa moyo wangu, ila liandikwe jina la Bi. Mwanahawa wa Kisarawe. Wao walikuwa wameandika "Utamaduni wa pwani"; huyo hajawahi kunifundisha kitu. Na siku nyingine nisikilize mimi kabla hawajaweka. Akaandika. Nikamtaka anisomee, akanisomea mara mbili.

Alasiri, Kariakoo, yule wa mkokoteni akaniuliza wimbo wenyewe una maana gani. Nikamwambia una maana afunge mdomo. Akacheka, akaenda zake akiimba taarabu.

Nilichojifunza: akija mtu kurekodi, kwanza nahakikisha chumba cha pili hakina ngoma.

Leo nina meza ya mikeka Kariakoo, nyumba ya vyumba vinne Buguruni, cherehani, mbuzi Kisarawe, na somo kwenye simu lenye jina la bibi yangu. Na wimbo, ambao sijamwambia mtu.