Mgongo Niliouchora Bila Kuuliza Jina

Nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka. Mimi ni daktari niliye mafunzoni, hospitali moja hapa Kahama. Juzi asubuhi nilitakiwa kumtoa mgonjwa maji ya uti wa mgongo kwa ajili ya vipimo. Nikamkuta mzee ameketi kitandani, na wanafunzi wa uuguzi wakanizunguka kunitazama. Kichwa kikavimba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, daktari."

"Vua shati, kumbatia mto, ujikunje."

Akajikunja bila swali. Nikapapasa ncha za juu za nyonga zake, nikachora mstari wa kuziunganisha, kisha nikaweka alama kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno.

"Hapa ni salama," nikawatangazia wanafunzi. "Ugwe wa fahamu, ile kamba inayopita ndani ya uti wa mgongo, unaishia juu kidogo. Huku chini kuna maji, na mishipa inayoning'inia kama nywele za mkia wa ng'ombe."

Nikavaa glovu. Nikashika sindano. "Babu, wewe ni jasiri kweli!"

Pazia likafunguliwa. Mwanamume mwenye nguo za wodini akaingia polepole, akitokea chooni.

"Kaka, mbona wamekuvua shati kwenye kitanda changu?"

Sindano ikabaki hewani. Pingili nilizihesabu zote, jina sikuuliza! Wanafunzi wakaziba midomo, mabega yakitikisika.

Mzee akanigeukia, mto bado kifuani.

"Kwani sivyo, daktari? Jana mlisema ndugu amtolee damu, nikamtolea. Leo nikajua ni zamu ya maji."