Blada niliyoikuta ndani ya switch za milango ya gari langu la zamani

Wakuu, nawasalimu kutoka Moiben, nje ya Eldoret. Kwanza namshukuru Mungu aliyetupa pumzi leo, ambaye mbele yake hakuna giza linaloficha kitu. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, na nitayasema kama yalivyokuwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina station wagon ya zamani, rangi ya cream. Niliinunua nikiwa bado mwalimu. Siku hizi vijana wanaiita classic na wanaomba kupiga picha nayo.

Engine iko sawa. Shida ilikuwa taa ya ndani. Ukiiwasha kwa mkono pale juu, inawaka. Ukifungua mlango, haiwaki. Mlango wowote kati ya ile minne.

Imekuwa hivyo tangu vita vya baada ya uchaguzi wa 2007. Mimi na mama watoto tulikuwa tumeenda Nairobi kwa Krismasi, barabara zikafungwa, tukakwama huko. Gari lilibaki na ndugu yangu mdogo, Kiprono, akipeleka maziwa mjini. Niliporudi nikakuta taa iko hivyo. Nikadhani ni kutu, nikazoea.

Juzi nikasema nitengeneze. Si kazi ngumu, kwa wale mnaotaka kujaribu. Toa terminal ya betri. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibonyezo kidogo, ndiyo switch yenyewe, kilichoshikwa na screw. Mlango ukifunguka kinatokeza nje, chuma kinagusa chuma, taa inawaka. Mara nyingi ni uchafu tu, unapiga msasa na imeisha.

Nilitoa cha kwanza. Hakikuwa na kutu. Kati ya chuma na chuma kulikuwa na kipande cha blada, ule mpira wa tube tunaofungia mizigo, kimekatwa kwa wembe kikatoshea sawasawa.

Nikatoa cha pili. Blada.

Cha tatu. Cha nne.

Nilikaa kwenye nyasi na screwdriver mkononi.

Wakati wa vita vile kulikuwa na maneno hapa kwetu, kwamba kuna station wagon ilikuwa ikizunguka kabla ya jua kutoka, ikibeba vijana wa kuchoma nyumba za majirani. Sikuwahi kukubali kuwa ni yangu. Sasa nilikuwa nimeshika ushahidi kwamba mtu alitaka milango ifunguliwe gizani.

Na Jumapili iliyokuwa inakuja, Kiprono alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa. Mikono ya kwanza ingekuwa yangu, maana mimi ni mzee wa kanisa wa siku nyingi.

Niliomba, kisha nikamwita. Nikapanga vile vipande kwenye bonnet.

Akaviangalia. "Umefika hapo," akasema.

"Ulibeba nani, Kiprono?"

"Mama Njeri na watoto. Halafu wale wa karibu na posho mill. Halafu wengine."

Mama Njeri alikuwa jirani yetu, wa jamii iliyokuwa ikifukuzwa. Miaka yote nilidhani ni lori ya polisi iliyowatoa.

Kiprono akanieleza: boma la mama huyo linaonekana kutoka kila upande. Taa ingewaka wakiingia garini, wangeonekana. Mtauliza kwa nini hakutoa globu tu. Mimi pia niliuliza. Akasema pale roadblock, vijana waliofunga barabara walikuwa wakimwambia, "Washa taa ya ndani tuone." Isingewaka, wangepekua gari lote. Kwa hivyo anaiwasha kwa mkono, wanaona mitungi ya maziwa, wanajimiminia kidogo, wanamwachilia. Watu wako nyuma ya mitungi, wamelala chini ya magunia, mpaka kituo cha polisi mjini.

Niliokota kipande kimoja nikakigeuzageuza. "Huniamini," akasema, akatoa simu, akampigia Mama Njeri na kunipa niongee naye.

"Mzee!" mama akasema. "Hiyo gari bado inanuka maziwa? Mimi mpaka leo chai nakunywa ya rangi." Akacheka, halafu sauti ikashuka. "Njeri alitaka kukohoa pale roadblock. Nilimziba mdomo mpaka nikadhani nimemuua. Sasa ni nurse."

Nilimuuliza ndugu yangu mbona hakuniambia miaka hii yote.

"Niseme hapa? Wale wa roadblock si ndio tunaimba nao kwaya?"

"Na mbona hukutoa hizi blada vita vilipoisha?"

"Kulikuwa na uchaguzi mwingine, mzee. Halafu mwingine."

Wakuu, hilo ndilo lilinishtua kuliko yote. Nimekuwa nikienda kanisani na gari hilo nikinung'unikia taa, kumbe ndugu yangu alikuwa amekaa tayari.

Jumapili nilimwekea mikono.

Nilipomuuliza nirudishe switch namna gani, alifikiria kwanza. "Tengeneza tatu," akasema. "Huo mlango mmoja wa nyuma wacha."

Nimeuacha na blada yake, na kila siku naomba isihitajike.

Nilichojifunza: kabla hujapiga msasa kasoro usiyoielewa, muulize aliyeendesha gari kabla yako. Wenye magari ya zamani, na mliopitia siku zile, andikeni hapa chini mliyoyakuta. Nitasoma yote polepole.

Wewe unayesoma, Mungu akupe jirani wa kukufungulia mlango siku mbaya, na akufanye wewe kuwa jirani huyo.