Nusu ya Dirisha, Shella

Nauza milango na madirisha yaliyokwisha tumika. Hoteli ya Bofa ikibadilisha sura, nakodi pikapu naenda. Nyumba ya zamani ikibomolewa Malindi, nafika kabla vumbi halijatua. Mji ukikua mimi nakula, na hilo silifichi. Ila kula ni kitu kimoja na kulala ni kingine. Mahali pangu pa kulala ni chumba cha mbele Shella ya hapa Malindi, katika nyumba ya mama mjane ambaye sisi wapangaji twamwita Bi Mkubwa.

Mwaka jana mabati ya nyumba yaliota kutu hata tukawa twajua mvua imetokea upande gani kwa kutazama sufuria ipi imejaa kwanza. Dalali naye akaanza kuja. Mteja wake alitaka kiwanja tu. Nyumba ingebomolewa, pajengwe jumba lenye bwawa la kuogelea, na bahari iko pale pale, maji bure. Bi Mkubwa hakutaka kuuza. Alitaka vyumba viwili uani, avipangishe, kodi yake iezeke paa. Asipovipata atauza, nasi tutahamia nyuma ya uwanja wa ndege, ambako nauli ya boda peke yake ingenimaliza.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," akaniambia. "Nenda kaunti ukaniombee ruhusa."

Sokoni kwetu anayetaka viwili husema vinne, mwenziwe akakata, wakakutana. Wala si uongo, ni namna ya kusalimiana. Kwa hivyo afisa wa mipango, kijana wa bara aliyechomekea shati vizuri, aliponiuliza vyumba vingapi, nikasema vinne. Nikangoja akate. Hakukata. Akaandika vinne.

"Vyumba vinne vya kupangisha, maegesho ya magari manne," akasema. "Kiwanja hakitoshi. Haiwezekani."

"Hebu na wewe sema neno, bwana."

"Neno gani?"

"Sema kimoja, mimi niseme vitatu, tumalize."

Akanitazama kama niliyemwomba sahani yake ya wali. "Mzee, umeomba vinne. Nimekujibu vinne."

Magari! Nilirudi nikahesabu magari ya kichochoroni kwetu: hakuna. Nikahesabu tena, labda jua lilinipiga: hakuna. Baiskeli zilikuwapo, na mkokoteni wa muuza maji. Gari la kupita pale lingebidi likunjwe kwanza.

"Nilikutuma viwili," Bi Mkubwa akasema. "Hivyo vingine vya nani?"

"Vya kupunguzwa, mama."

"Basi wamepunguza. Wamepunguza vyote."

Tangu siku hiyo sikutulia. Dalali alikuja na futi ya kupimia, akapima uani tukimtazama, na kila aliposema "samahani" nilihama kiti. Hodi ikipigwa nadhani ni dalali, nafungua, ni jirani ataka chumvi.

Kisha kaunti ikaita wananchi watoe maoni juu ya kanuni mpya za ujenzi, katika ukumbi wa shule. Nikasimama. Nikawaambia wapangaji wetu hawana magari. Mkimlazimisha mama huyu ajengee gari lisilokuwapo, mwisho atamuuzia mwenye magari matatu. Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda. Akainuka fundi wa visima, akauliza: na kila mtu akijenga uani, choo kitakaa wapi, na tutakunywa nini? Nilitaka kumbishia. Nikakumbuka ladha ya maji ya kisima chetu, nikakaa.

Kanuni zilipotoka, zilimsikiliza kila mmoja kidogo. Viwanja vidogo vya mitaa ya zamani viliondolewa maegesho, mradi vyumba viwe vya kodi ya chini. Lakini choo na kisima lazima viachane.

Nikarudi ofisini. Mara hii mezani alikaa dada wa hapa hapa, aliyevaa buibui.

"Vyumba vingapi?"

Kutaja bei ya mwisho mwanzoni ni kama kutoka nje bila shati. "Viwili."

"Yaani kimoja."

"Wallahi, dada yangu, ni viwili vya kweli!"

"Wote mwaja hapa na vya kweli." Akaivuta ramani, akaweka rula kati ya kisima na choo. "Haya tazama mwenyewe. Hapa chaingia kimoja."

Nikatazama. Nikatazama mara ya pili. Kilikuwa kimoja.

Bi Mkubwa alipokea habari akichambua mchele. "Kimoja hakiezeki paa," akasema. Akatupa chuya mbili, kisha: "Kanuni zao, kugawa chumba kwa ndani, kwa mbao tu, nako kwataka ruhusa?"

"Hata, mama. Kwa mbao hakuna anayekuuliza," nikajibu kwa fahari ya mtu anayejua ofisi.

"Vizuri. Chako ndicho kikubwa."

Dalali aliambiwa kiwanja kimejaa. Paa ni jipya. Ukuta wa mbao uliangukia katikati ya dirisha langu, na ng'ambo yake sasa analala mwalimu wa chekechea, mtu wa kuogopa baridi. Mimi, mwenye madirisha yaliyojaa ghala nzima, nina ubao mmoja wa dirisha. Nikiufungua wangu, yeye aufunga wake. Nimemwambia afungue robo. Amesema atafikiri.