Kiti Kisicho na Vishikio

Kiti cha magurudumu cha kuchezea basketboli hakina vishikio vya nyuma, na hilo lilimuudhi sana mama yangu.

"Sasa nitakusukuma nikishika wapi? Masikio?"

Yeye ndiye aliyenisukuma tangu utotoni: shuleni, kanisani, sokoni Mutomo. Basi wiki moja kabla ya mechi yetu na Makueni, nikiwa kazini kwangu ninakoshona nguo, akakipeleka kiti kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Niliporudi nyumbani nikakuta vishikio viwili vya bomba la maji, vimepakwa rangi ya kijani. Kocha alipoviona alishika kichwa. Mimi nilicheka mpaka machozi, halafu nikakasirika, na vikakatwa siku hiyo hiyo.

Mama akanuna. "Haya. Nitakuja kuuona huo mchezo. Ukiumia, umecheza mara ya mwisho."

Nina miaka thelathini na mbili, lakini njia yetu ya kwenda barabarani ni mchanga mtupu, na bila mama sifiki mazoezini. Na mpira huo niliupenda jamani, wacha nisidanganye. Uwanjani mimi ndiye niliyekuwa nakimbiza watu!

Tulicheza Kikima, kwenye uwanja wa saruji wa shule. Hata hatujatoka jasho, msichana mmoja wa Makueni, mwenye mabega ya kubeba magunia, akanigonga ubavuni. Kiti kikapinduka, nami nimefungwa mkanda ndani yake. Watu wakapiga kelele. Shavu langu likiwa chini, nikaona viatu vya mama vinakuja mbio.

"Mama, usiniguse!"

Sikuwa nimewahi kumwambia mama maneno kama hayo. Akasimama kwenye mstari, mikono bado ameinyoosha. Nikaweka kiganja kwenye saruji nikajisukuma, nikaanguka tena. Mara ya pili kiti kikasimama. Nikaufuata mpira, kiwiko kinatoka damu, na kumtazama mama sikuthubutu.

Tulifungwa, tena vibaya, na bado nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ndipo nikamwona mama, kiondo begani, ananipita, anamwendea yule msichana. Wee! Nikajua leo kumewaka. Nikazungusha magurudumu kumfuata.

"Ni wewe umemwangusha binti yangu?"

"Ni mimi, mama. Pole. Ni mchezo tu."

Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyu tangu akiwa mdogo watu wanamuonea huruma tu. Hata mimi. Hakuna mtu amewahi kumgonga kama mwenzake. Asante."

Msichana hakujua aangalie wapi. Mama akaweka kiondo chake sawa begani.

"Lakini mkija kwetu Mutomo," akamwambia, "atakuangusha wewe. Na mimi nitakuwa nimekaa mbele kabisa."