Veranda Isiyo na Ngazi

Mimi ni mwashi, na mwashi hana adabu mbele ya majengo ya watu. Nikikaribishwa mahali, natazama kwanza pembe za kuta, kisha ndipo nakumbuka kusalimia. Mke wangu amechoka kunifinya mkono. Basi nikisema kwamba Kakamega nzima sijaona kazi inayonipendeza kama ile safu ya maduka ya zamani katikati ya mji, naomba niaminiwe. Nimeyatazama maduka yale tangu nilipokuwa nasomea ujenzi katika chuo cha Sigalagala, na bado sijachoka.

Yalijengwa zama zile habari za dhahabu zilipoleta wageni huku kwetu. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja kuwauzia watu unga, vitambaa na karai za kuchekechea mchanga. Dhahabu iliwaponyoka wengi, maduka yakabaki. Ramani ilikuwa kichwani mwa mafundi wao, matofali yalibebwa na babu zetu, kwa hiyo sijui nimpongeze nani zaidi. Ukisimama ng'ambo ya barabara utaona jinsi kila mwenye duka alivyotaka kumpiku jirani yake. Mmoja amepandisha ukuta wa mbele kuficha bati na kuupamba kwa maua ya saruji. Wa pili ameandika mwaka wa ujenzi kwa tarakimu kubwa ambazo mvua imezilamba nusu. Milango ni ya mbao nzito, ya kukunja mara nne, na ile ambayo haijang'olewa bado inafungika vizuri kuliko hii ya chuma tunayochomelea siku hizi. Hayo majengo mapya ya vioo vya buluu siyataji, nisije nikatukana.

Lakini kilichonishinda kabisa ni veranda. Hapa kwetu mvua hainyeshi kwa bahati, inakuja mchana kama mtu aliyeajiriwa. Wale mafundi walilielewa hilo, wakaziunganisha veranda za maduka yote, nguzo kwa nguzo, hata mtu akaweza kutembea toka mwisho huu hadi mwisho ule bila tone kumpata. Na barabara yenyewe inapanda! Fundi wa leo angekata ngazi mbele ya kila duka. Wale hawakukata hata moja. Kila aliyefika mpakani kwa jirani aliilaza saruji kidogo kidogo mpaka sakafu mbili zikakutana. Kwa hiyo unapanda mlima bila kujua, ila sakafu inabadilika chini ya miguu: nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, halafu mawe, halafu saruji yenye mikwaruzo, halafu vigae vidogo vyeusi na vyeupe.

Kuna na desturi yake. Bidhaa zinaegemea ukuta, vyerehani vinakaa kati ya nguzo, na katikati inaachwa njia ya watu wawili kupishana. Haijaandikwa popote. Ukiacha gunia njiani, mtu yeyote atalisukuma kando bila kukuuliza, na wewe ndiye utakayeomba radhi.

Mama yangu ameshona kwenye veranda hiyo miaka mingi, mbele ya duka lenye sakafu ya vigae, akishona sare za shule na vitenge. Anaishi mtaa wa Shieywe na dada yangu. Kila asubuhi dada humfikisha mwisho wa chini wa safu ya maduka, kisha mama hupanda peke yake hadi kwenye cherehani chake, akisalimia duka baada ya duka. Nilidhani anapenda tu kutembea.

Mwaka jana kijana mmoja wa rika langu alikodi duka moja la katikati, auze mitungi ya gesi. Akaona veranda ni nafasi ya bure. Akaniomba niizibe kwa ukuta pande zote mbili, niweke na vyuma mbele, duka lipate chumba cha pili.

Nilijua ninakata njia. Sitajifanya sikujua. Lakini tangu tumalize nyumba ya mwisho kule Khayega nilikuwa nimekaa bila kazi, na mwashi asiye na kazi anaweza kujishawishi jambo lolote. Nikajiambia watu watashuka barabarani hatua chache, kisha watapanda tena, kwani kuna ubaya gani? Kumwambia mama sikutaka, maana angenigombeza mbele ya mafundi wenzake. Nikasema ukuta atauona mwenyewe. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Nilianza Jumapili alasiri, maduka yamefungwa. Kufikia jioni ukuta wa upande wa chini ulikuwa unanifika gotini, umenyooka, kazi safi. Jumatatu asubuhi nilirudi mapema. Nilikuwa kando ya barabara nakoroga mchanga na saruji nilipomwona mama anapanda na mkoba wake, anasalimia kama kawaida. Nikaacha sepetu. Nilijua akifika pale atasimama, ashike kiuno, anitafute kwa macho, anipe vidonge vyangu. Nilikuwa nimeshaandaa la kujitetea.

Hakusimama. Hakupunguza hata mwendo. Aliuingia ukuta wangu kwa magoti yote mawili, akaanguka juu yake mpaka upande wa pili.

Nilipomfikia alikuwa ameketi sakafuni, anapapasa matofali moja moja kwa viganja. Damu ilikuwa inamtoka gotini. Uso wake ulielekea mlango wa duka, si kwangu.

"Hii ukuta imetoka wapi?" akauliza.

"Mama, ni mimi."

"Kumbe uko hapa? Basi niinue. Nani huyu mjinga amejenga katikati ya njia?"

Nikamwambia kwamba mjinga huyo ni mimi. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini kama anayeungama, "Macho iliisha pole pole. Sasa naona mwangaza tu. Hii njia mimi napitanga na miguu. Nikitoka kwa nyekundu naingia kwa mawe, nikifika kwa vigae najua ni kwangu. Dada yako nilimkataza akuambie. Ungesema nikae nyumbani, na mimi nikikaa nyumbani nitakufa na kukaa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa najenga. Kushuka barabarani hatua chache, kwake ilikuwa kushuka katikati ya bodaboda. Ukuta ule ukikamilika, mama asingefika tena kwenye cherehani chake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nilimwonea fahari pia, na vitu hivyo viwili havikai pamoja vizuri kifuani.

Yule kijana wa gesi alifika na funguo zake akatukuta hivyo. Nikamweleza. Akamtazama mama, akatazama goti. "Lakini huyu mama ananisalimianga kila asubuhi," akasema. "Mimi nilifikiri ananiona." Akaziweka funguo mfukoni, akasema, "Bomoa. Mitungi nitapanga ndani."

Nilibomoa mwenyewe, tofali kwa tofali, nikasugua sakafu mpaka lisibaki donge hata moja la saruji. Nilipokuwa nimepiga magoti pale, niliupitisha mkono mahali sakafu za maduka mawili zinapokutana. Nilijua tangu zamani kuwa ni kazi ya ustadi. Siku hiyo ndipo nilipojua kuwa ni kazi ya huruma, hata kama aliyeifanya hakuwahi kumfikiria mtu kama mama.

Kisha nikapanda hadi kwenye vigae. Mama alikuwa ameshafungwa kitambaa gotini, anashona. Mzee anayeshona kando yake alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano, sita kwa mpigo, anazichomeka kwenye kitambaa kwa mstari. Mama muuza soksi alikuwa anamchagulia rangi za nyuzi. Mshona viatu aliinuka akamfukuza mwenye pikipiki aliyeegesha karibu na nguzo. Yote hayo yalifanyika bila mtu kuambiwa, kama jambo la kila siku. Na kweli lilikuwa la kila siku. Nikauliza tangu lini. Mzee akasema huu ni mwaka wa pili.

Nikapandwa na hasira. "Miaka miwili! Na mimi nafika hapa kila wiki! Mbona hakuna aliyeniambia?"

Mzee alilamba ncha ya uzi, akaupitisha tunduni, ndipo akanijibu. "Kijana yangu, wewe ukikujanga hapa, unaangalianga nguzo."

Nilivuta kigoda, nikaketi mbele ya mama, karibu hata magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikamtazama machoni kwa muda mrefu. Yeye aliendelea kusukuma kitambaa, kisha akageuza kichwa kwa mzee.

"Ameenda?" akauliza.