Siku ya Pili ya Matanga

Mke wangu alizikwa jana yake. Wanaume tulikaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani na mikeka yao. Jirani mmoja akaniita nyuma ya jiko, akanong'ona, "Dokta, najua upo msibani. Ng'ombe wangu anasukuma tangu asubuhi, ndama hatoki."

Nina cheti cha mifugo tu, lakini huku Hasamba wananiita dokta. Niliacha ajira nikajitegemea. Mwajiriwa akifiwa hupewa ruhusa, na mwenzake hushika kazi. Mimi sina mwenzangu. Nikisema hapana, ng'ombe anakufa.

Nikapita katikati ya mibuni hadi zizini kwake. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma. Nilipaka mkono sabuni, nikamsukuma ndama ndani, nikautafuta mguu, nikaunyoosha, tukavuta. Akatoka hai. Nitasema ukweli: kwa saa ile nzima sikukumbuka kwamba nimefiwa. Nilipokumbuka nilikuwa nanawa, maji yakanishinda kuyashika.

Niliporudi, habari ilikuwa imenitangulia. Nilisikia mwanamke akisema mke hajapoa kaburini, mume yuko zizini. Kaka wa marehemu akanitazama damu kwenye mkono wa shati, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Shemeji, umeshindwa kukaa naye hata siku mbili?"

Jirani yangu alikuwa amesharudi, amekaa benchi la mbele na sahani ya ugali na maharage. Neno moja tu lingetosha: nilimwita mimi. Nilimtazama ili alitoe. Akaendelea kutafuna. Nami sikumtaja, niliona aibu kumsema mtu anayekula msibani kwangu. Shemeji zangu waliondoka bila kuniaga, na hadi leo hawakanyagi hapa.

Msimu huu jirani huyo alikuja tena, ng'ombe yuleyule, shida ileile. Nilikwenda, maana ng'ombe hajanikosea. Lakini sikuvua koti. Nilimwambia aseme, mbele ya mkewe na wazazi wake, nani alinitoa matangani.

Akasema tusipoteze muda, mnyama anaumia.

"Namwona," nikasema. "Sema."

Ng'ombe aliguna, akalala ubavu. Sijui ningesimama pale mpaka lini.

"Nilimwita mimi," akasema, akitazama chini. Mama yake akajifunika uso kwa khanga.

Shemeji zangu hawakuwepo kusikia. Nilivua koti, nikaomba sabuni.